Robert Smalls: Dau la Mnyonge Lililokwenda Joshi

Wahenga wetu wa pwani walisema kuwa dau la mnyonge haliendi joshi. Kila mwanamaji aijua maana yake: kwenda joshi ni kwenda kwa kuukabili upepo, na chombo dhaifu chenye tanga bovu hakiwezi kazi hiyo. Leo, wasomaji wangu, nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja aliyezaliwa mtumwa huko Marekani, akajifunza kushika usukani, akaitwaa meli ya mabwana zake mbele ya mizinga yao, kisha akaja kuketi katika Bunge la nchi ile akiwa mmoja wa watunga sheria. Jina lake Robert Smalls.

Wanaomtaja mtu huyu aghalabu humtaja kwa usiku mmoja tu, usiku wa meli. Nao ulikuwa usiku wa ajabu, nami nitausimulia. Lakini nionavyo mimi, usiku ule ulikuwa mwanzo wa safari. Shida kubwa ilikuwa miaka hamsini iliyofuata, ya kukilinda kile alichokitwaa kwa saa chache; na waliokuja kumpokonya hawakutumia mizinga. Walitumia kalamu.

MZALIA WA BEAUFORT

Smalls alizaliwa tarehe 5 Aprili, 1839, katika mji wa Beaufort, bandari ndogo ya jimbo la South Carolina, kusini mwa Marekani. Nchi ile ni ya visiwa na hori, ya maji ya chumvi yanayokupwa na kujaa, na mashamba ya mpunga na pamba. Watu weusi wa visiwa vile walihifadhi mengi ya asili yao katika lugha na mila. Miongoni mwa wazee wao walikuwamo hata Waislamu waliotekwa Afrika Magharibi. Mmoja wao, Bilali wa kisiwa cha Sapelo katika jimbo jirani la Georgia, aliacha kitabu kidogo alichokiandika mwenyewe kwa hati za Kiarabu, kikieleza mambo ya udhu na sala. Smalls mwenyewe alikuwa Mkristo wa Kibaptisti, lakini udongo aliotoka ndio huo.

Mama yake, Lydia, alikuwa kijakazi katika nyumba ya Bwana Henry McKee, na mtoto alizaliwa katika kibanda nyuma ya nyumba hiyo. Mtoto wa namna hii wazee wetu walimwita mzalia. Baba yake hakuandikwa popote, ingawa watu waliamini kuwa alikuwa mzungu. Lakini hilo halikumfaa kitu, kwa kuwa sheria ya South Carolina ilisema mtoto humfuata mama. Hata kama baba ni bwana mwenyewe, mtoto wa kijakazi ni mtumwa, aweza kuuzwa. Katika sharia tuijuayo sisi, mtoto wa bwana na suria wake huzaliwa huru. Sisemi haya kwa kujisifu, maana soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hapa pwani ya Kenya utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1907 tu. Kila pwani ina yake ya kujibu.

Bwana McKee alimpenda kijana huyu na kumtendea kwa upole. Yasimuliwa kuwa jambo hilo lilimtia mama yake hofu badala ya furaha, akihofia mwanawe asije akasahau yeye ni nani. Basi akamchukua akashuhudie watumwa wakichapwa mijeledi na wakinadiwa mnadani. Kijana akaona, asisahau tena.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipelekwa Charleston, bandari kuu ya jimbo, akakodishwa kazi. Hali hii wazee wa Mombasa na Unguja waliijua vizuri, na ndiyo iliyotuachia neno kibarua: mtwana hutoka asubuhi kufanya kazi ya mtu mwingine kwa ijara, na ijara humrudia bwana. Smalls aliruhusiwa kubaki na dola moja kwa wiki. Alifanya kazi hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akateremka bandarini na hapo ndipo moyo wake ulipotua. Alianza kwa kubeba shehena, akashona matanga, akafunga kamba za milingoti, mpaka akapewa usukani. Akaijua bahari ya Charleston kama mtu ajuavyo ua wa nyumba yake: mkondo unakopita, fungu la mchanga lililojificha, kina cha maji yanapokupwa. Alikuwa rubani hasa, ila jina la urubani hakupewa, kwa sababu jina hilo waliliwekea weupe. Yeye aliitwa mshika usukani tu.

Mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka kumi na saba, alimwoa Hannah Jones, kijakazi aliyefanya kazi hotelini. Walipozaa binti, Smalls alitambua kuwa mtoto ni mali ya bwana wa mkewe. Akaenda kupatana na bwana huyo awanunue mke na mtoto wake. Bei aliyotajiwa ni dola 800. Yeye alikuwa na dola 100. Kwa dola moja ya kila wiki, ndugu msomaji, hesabu ni nyepesi: angehitaji zaidi ya miaka kumi na mitatu bila kula wala kuvaa, na katika muda huo wangeweza kuuzwa mbali siku yoyote.

USIKU WA MEI 13

Mwezi Aprili, 1861, majimbo ya kusini yaliyotaka kujitenga na kuendelea na utumwa yaliipiga mizinga Fort Sumter, ngome iliyo katika mlango wa bandari ya Charleston, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Vita hivyo vilifika hata kwetu. Nguo ya merikani, iliyovaliwa Unguja na Mrima tangu zama za Seyyid Said, ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Pamba ilipokatika, merikani nayo ikaadimika madukani.

Huko Charleston, Smalls alipewa kushika usukani wa meli ya moshi iliyoitwa Planter, ambayo jeshi la kusini liliitumia kuchukulia askari na silaha. Mabaharia walikuwa watumwa. Nahodha na wasaidizi wake wawili walikuwa wazungu. Nje ya bandari, meli za kivita za serikali ya kaskazini zilikuwa zimeziba njia. Kwa hiyo uhuru ulikuwa maili chache tu, unaonekana kwa macho, ila kati yake na Charleston zilisimama ngome na mizinga.

Tarehe 12 Mei, 1862, Planter ilipakiwa mizinga minne mizito pamoja na baruti, juu ya mizinga yake miwili ya kawaida, ili ipelekwe ngome nyingine kesho yake. Usiku huo wale wazungu watatu wakashuka kwenda kulala mjini, kinyume cha amri. Smalls alikuwa akiingojea nafasi hii kwa muda mrefu, na wenzake alikwisha kuwaambia.

Ilipofika kama saa tisa za usiku, wakawasha moto wa meli. Smalls akavaa koti la nahodha na kofia yake pana ya ukili, akasimama pale anaposimama nahodha, akiiga hata namna yake ya kukunja mikono. Meli ikaondoka gatini taratibu bila ya haraka. Kwanza haikuelekea baharini. Ilipita gati jingine kuwachukua wake na watoto waliokuwa wamefichwa huko. Jumla yao walikuwa watu zaidi ya kumi na watano. Walikuwa wameahidiana jambo moja: wakigunduliwa hawatakubali kushikwa, bali watailipua meli na wafe wote.

Wakazipita ngome moja baada ya moja. Kila penye mlinzi Smalls alipuliza honi kwa ishara iliyopangwa, maana ishara zote alizijua. Saa kumi na nusu za alfajiri wakafika chini ya Fort Sumter, ngome iliyotisha kuliko zote. Wengine walimsihi aipite kwa mbali. Yeye akakataa, kwani meli inayokwepa ndiyo inayotiliwa shaka. Akapita pale pale ilipopita Planter kila siku, akatoa ishara, naye akajibiwa apite. Mlinzi alimwona nahodha mwenye kofia ya ukili. Uso hakuuona, maana kulikuwa hakujakucha.

Walipotoka nje ya masafa ya mizinga, wakashusha bendera ya kusini na kupandisha shuka nyeupe ya kitandani aliyoileta Hannah. Meli ya kivita Onward ya upande wa kaskazini ilikuwa tayari imewaelekezea mizinga. Shuka ile ikaonekana kabla ya moto kutolewa. Smalls akaikabidhi meli, mizinga, na kitabu cha ishara za siri. Lakini mali kubwa kuliko hiyo yote ilikuwa kichwani mwake: mahali palipotegwa mabomu majini, na habari za ngome iliyokuwa imeachwa bila askari. Mabwana zake walimfundisha njia za maji ili awatumikie, wasifikiri kuwa anayeijua njia ya kuingilia ndiye anayeijua ya kutokea.

Bunge la Marekani liliamuru yeye na wenzake wapewe tuzo kwa meli waliyoileta. Fungu la Smalls lilikuwa dola 1,500. Meli ilithaminiwa kwa bei ya chini mno, na ilimchukua mpaka mwaka 1900 kupata nyongeza kwa dhuluma hiyo.

NYUMBA, SHULE NA KURA

Mwezi Agosti mwaka huo huo alipelekwa Washington kuwaeleza wakubwa kuwa watu weusi wako tayari kupigana. Akarudi na barua ya Waziri wa Vita, Edwin Stanton, ya kuruhusu weusi hadi 5,000 waandikwe kazi katika jeshi huko kwao. Kabla ya vita kwisha, weusi karibu 180,000 walikuwa wamevaa sare za jeshi la kaskazini. Yeye mwenyewe aliingia katika mapambano kumi na saba. Mwezi Aprili, 1863, alishika usukani wa manowari ya chuma Keokuk iliyopigwa zaidi ya mara tisini mbele ya Fort Sumter ile ile, nayo ikazama asubuhi iliyofuata. Mwezi Desemba, Planter ilipomiminiwa risasi, nahodha wake mzungu akakimbilia ghala la makaa. Smalls akashika uongozi, akaitoa meli salama. Kwa ajili hiyo akafanywa nahodha wa meli ile aliyoitoroka nayo.

Mji wa Beaufort ulikuwa umetekwa na kaskazini, na nyumba za mabwana waliokimbia ziliuzwa kwa sababu ya kodi. Smalls akanunua nyumba ya McKee, nyumba ile ile aliyozaliwa ua wake wa nyuma, akamkalisha mama yake humo. Mwenye kuidai baadaye alimshitaki hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1878 Smalls akashinda. Husimuliwa huko kwao kuwa mke wa McKee, akiwa ajuza aliyepotewa na fahamu, alirudi siku moja akidhani bado yuko kwake, na Smalls akampokea na kumtunza. Wema hauozi.

Jambo la pili alilofanya ni kujifunza kusoma. South Carolina ilikuwa na sheria tangu mwaka 1834 ya kukataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika. Mtu huyu aliyezijua alama zote za baharini hakuzijua za karatasi. Akaajiri mwalimu, akasoma akiwa mtu mzima, na mwaka 1867 akasaidia kununua jengo la shule ya watoto weusi wa Beaufort. Mwaka 1868 alichaguliwa kuingia katika mkutano wa kuandika katiba mpya ya jimbo, na huko akapigania elimu ya bure kwa watoto wote, weusi na weupe. Katiba ile ndiyo iliyoleta shule za serikali kwa wote katika South Carolina. Ajabu iliyoje, kwamba aliyenyimwa herufi ndiye aliyewafungulia shule hata watoto wa maskini wa kizungu.

Akapanda ngazi. Aliingia Bunge la jimbo, akaingia Seneti ya jimbo, na mwaka 1875 akaketi Washington katika Baraza la Wawakilishi la Bunge la Marekani. Siku zile chama cha Republican kilikuwa chama cha Lincoln na ndicho kilichopigiwa kura na weusi. Chama cha Democrat huko kusini kilikuwa cha mabwana wa zamani. Bungeni Smalls alijaribu kuondoa ubaguzi wa rangi katika jeshi, asifanikiwe. Mwaka 1876 weusi walipouawa katika mji wa Hamburg jimboni kwake, alisimama na kulisomea Bunge habari zake, akataka askari wa serikali wasiondolewe kusini. Mwaka uliofuata wakaondolewa.

BANDU BANDU

Hapa ndipo kalamu ilipoanza kazi. Mwaka 1877 Smalls alishitakiwa kuwa alipokea hongo ya dola 5,000 alipokuwa katika Seneti ya jimbo, katika shauri la zabuni ya uchapaji. Shahidi mkuu alikuwa karani aliyehusika mwenyewe na ubadhirifu ule. Akahukumiwa miaka mitatu, akatolewa kwa kukata rufani, na mwaka 1879 gavana akamsamehe katika mapatano ambayo mashitaka ya wizi wa kura dhidi ya wenzao wa Democrat yalifutwa nayo. Yeye hakukiri kosa hilo kamwe. Nami nasema, kesi inayokwisha kwa kubadilishana ilikuwa na siasa nyingi kuliko haki.

Kwenye kampeni alizungukwa na watu wenye silaha waliovaa mashati mekundu. Walipoona hilo halitoshi, wakatunga sheria. Mwaka 1882 ilikuja sheria ya masanduku manane. Kila cheo kikawekewa sanduku lake la kura, na kura iliyotiwa katika sanduku lisilo lake ikaharibika. Masanduku yaliandikwa majina, lakini mtu asiyejua kusoma atajuaje? Na wasimamizi waliweza kuyabadilisha mahali ili asiyesoma asifundishwe na mwenzake. Vile vile mipaka ya majimbo ya uchaguzi ikachorwa upya, weusi wengi wakasukumwa katika eneo moja, ili kwingine kote wasiwe na nguvu. Hakuna mahali sheria hizo zilipotaja rangi ya mtu. Bandu bandu huisha gogo.

Hata hivyo Smalls alitoka na kurudi Bungeni mara kadhaa, kiti akikipoteza na kukipata tena, mpaka aliposhindwa mwaka 1886 na muda wake ukaisha mwaka 1887.

Mwaka 1895 mabwana wa jimbo waliitisha mkutano wa kuiandika katiba upya, wakiongozwa na Ben Tillman, ambaye hakuficha nia yake ya kuwanyang'anya weusi kura. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita, na Smalls mmoja wao. Walipofikia kifungu cha kukataza ndoa za weusi na weupe, yeye akatoa pendekezo: mzungu yeyote anayekaa kinyumba na mwanamke mweusi asishike cheo cha serikali, na mtoto wao apewe jina la baba na arithi mali yake. Ukumbi ulishtuka, maana wengi walijijua. Aliyesema ni mzalia asiyeandikiwa baba, na kila mtu aliijua maana yake. Pendekezo likakataliwa.

Katiba ikapita. Mtu apige kura akiweza kusoma kifungu cha katiba mbele ya msimamizi, au awe na mali ya dola 300. Na msimamizi alikuwa mzungu. Smalls akakataa kutia sahihi. Alipoambiwa kuwa asiyetia sahihi hatalipwa gharama za safari, akajibu kuwa yuko radhi kurudi kwao kwa miguu.

FORODHANI

Miaka yake ya mwisho alikuwa mkuu wa forodha katika bandari ya Beaufort, kazi aliyopewa mwaka 1889 na kuishika, isipokuwa miaka michache, hadi mwaka 1913. Rais Woodrow Wilson alipoingia madarakani, maafisa weusi wakaanza kuondolewa, na Tillman akiwa Seneta hakukubali Smalls abaki. Alifariki tarehe 23 Februari, 1915, akiwa na umri wa miaka 75, ndani ya nyumba ile ile, hatua chache kutoka kibanda alichozaliwa.

Baada ya mwaka 1897 hakuna mtu mweusi wa South Carolina aliyechaguliwa kuingia Bunge la Marekani mpaka mwaka 1992. Hiyo ndiyo kazi ya kalamu. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa jina la Robert Smalls manowari ambayo awali ilikuwa na jina la ushindi wa vita wa jeshi la kusini. Heshima hiyo ni njema, ingawa ilichelewa.

Wasomaji wangu, asiyekuwapo na lake halipo. Mwaka 1895 Smalls alijua kuwa sita hawawashindi 160, naye alikwenda, akasema, akakataa kutia sahihi, ili isije ikaandikwa kuwa weusi waliridhia. Dau la mnyonge lilikwenda joshi kwa sababu aliyelishika aliijua njia ya maji. Nalo lilipopigwa na upepo likarudishwa nyuma, mkono wake haukuuachia usukani.